Kabla hujaweka alama ya kosa

Nipe darasa lolote la watoto wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili, nipe na kipande cha chaki. Nitaandika ubaoni 8 + 4 = ☐ + 5, kisha nimwombe kila mmoja ajaze kisanduku bila kuchungulia kwa jirani. Wengi watajaza 12. Wengine watajaza 17. Wenye 7 watakuwa wa kuhesabu kwa vidole.

Si chumvi. Swali hilohilo waliwahi kupewa wanafunzi 145 wa darasa la sita nchini Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1999. Wote 145 walijibu ama 12 au 17. Hata mmoja hakupata.

Mwalimu aliyepokea daftari lenye 12 anaweza kuweka alama ya kosa, akaandika 7 kwa wino mwekundu, akaendelea na daftari linalofuata. Au anaweza kusimama kidogo akajiuliza: huyu amefikaje hapa? Akijiuliza, ataona kwamba jibu halikutoka hewani. Tangu alipoanza shule, mtoto huyu ameona 3 + 2 = na 9 − 4 = mara zisizo na idadi, na kila alipoviona vile vistari viwili kazi yake ilikuwa moja: andika jibu. Kwake vistari hivyo ni amri, kama kitufe cha kikokotoo. Hakuna aliyemwonyesha kwamba vinasema kilicho kushoto na kilicho kulia ni kiasi kilekile. Na yule wa 17 ndiye mtiifu kuliko wote: ameona namba tatu na alama za kujumlisha, kajumlisha zote.

Baadaye mtoto huyohuyo anakutana na 3x + 2 = x + 10, na sisi walimu wa sekondari tunakaa ofisini kulalamika kwamba watoto wa siku hizi aljebra imewashinda. Aljebra haina hatia. Tatizo liliingia zamani, likapita mikononi mwa watu kadhaa waliolisahihisha bila kulisoma.

Nafundisha fizikia na hisabati, na nimehudhuria semina nyingi za kuboresha ufundishaji wa masomo hayo. Karibu zote huanza na vifaa. Maabara, projekta, vishikwambi, na sasa programu za kompyuta zinazosahihisha zenyewe. Sivikatai, anayesema vifaa si kitu hajawahi kufundisha kemia bila bomba la maji. Lakini nimeshuhudia somo ambalo kila kitu kilikuwa cha kisasa, ubao ukiwaka rangi zote, na bado mwalimu aliandika kanuni, wanafunzi wakanakili, kengele ikalia. Ukiondoa umeme, hilo ni somo la miaka mia iliyopita. Msimamo wangu ni kwamba somo linaanza kubadilika siku mwalimu anapojua mwanafunzi anafikiri nini kabla ya kumwambia afikiri nini. Hilo halinunuliwi. Linatafutwa kwa swali zuri na kwa uvumilivu wa kusikiliza majibu mabovu.

Kuna hadithi ya kweli ninayoipenda, na watu huicheka mahali ambapo mimi sicheki. Miaka ya mwisho ya 1970, mjini Grenoble, Ufaransa, wanafunzi 97 wa shule ya msingi waliulizwa: ndani ya meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, je, kapteni ana umri gani? Wanafunzi 76 walitoa jibu kwa kuzichanganya namba walizopewa. Baadaye likatungwa toleo jingine lenye kondoo 125, mbwa 5 na umri wa mchungaji, na mtoto mmoja akafikiri kwa sauti: akijumlisha anapata 130, ni mzee mno, akitoa anapata 120, bado ni mzee mno, akigawanya anapata 25, hapo sawa. Mchungaji ana miaka 25.

Huyo mtoto si mjinga. Amekadiria, amelinganisha na maisha halisi, amekataa majibu mawili yasiyowezekana. Kazi safi kabisa. Alichokosa ni kitu ambacho shule ilimnyang'anya yenyewe: ruhusa ya kusema kwamba swali halijibiki. Katika vitabu vyote alivyosoma, kila swali lina jibu, kila namba iliyotajwa ina kazi, na mwalimu hakosei kuuliza. Ndani ya ulimwengu huo, kapteni lazima awe na umri fulani. Mimi sasa hupenyeza swali la namna hiyo katika majaribio yangu, lenye taarifa pungufu au lenye namba isiyohitajika, na mwanzoni mwa mwaka wanafunzi hunikasirikia kwelikweli. Wanaona nimewachezea rafu.

Na wala si watoto tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Eric Mazur, mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, alikuwa na kila sababu ya kujiona anafundisha vizuri: wanafunzi walimsifu na walikokotoa maswali magumu. Akaja kuwapa jaribio la maswali mepesi kuhusu kani na mwendo, yasiyo na hesabu hata kidogo, ya aina iliyoandaliwa na David Hestenes na wenzake. Lori zito limegongana na gari dogo. Kati ya hayo mawili, lipi limemsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi: kama alivyofundishwa, au kama anavyofikiri mwenyewe?

Swali hilo mimi lingeninyima usingizi. Kijana amefaulu fizikia, sheria ya tatu ya Newton anaitaja bila kukwama, lakini moyoni bado anaamini lori ndilo lililosukuma zaidi. Vitu viwili vinaishi kichwani mwake bila kuamkiana: fizikia ya mtihani na fizikia ya barabarani. Kani ni sawa pande zote mbili, ila gari dogo lina tungamo dogo, ndiyo maana mwendo wake unabadilika kwa ghafla zaidi na ndilo linaloumia. Mazur aliacha kuhutubia saa nzima. Alianza kuuliza swali, kila mwanafunzi apige kura peke yake, kisha wabishane na jirani, kisha wapige kura tena. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walikusanya tafiti 225 zilizolinganisha mihadhara mitupu na madarasa ambayo wanafunzi wanashiriki, katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Wanafunzi wa mihadhara mitupu walikuwa na uwezekano mara 1.5 zaidi wa kufeli. Hao ni watu wazima waliochagua wenyewe kusoma sayansi. Wa miaka kumi na minne aliyewekwa darasani na ratiba tu, je?

Nieleze somo moja kwa kirefu, maana maneno ya jumla hayamsaidii mtu anayeingia darasani kesho.

Penduli. Vitabu vingi huanza na kanuni, yenye π na kipeuo cha pili, kisha maswali kumi ya kuingiza namba. Mimi naanza na uzi, jiwe na msumari juu ya fremu ya mlango. Uzi wa mita moja. Navuta jiwe kidogo pembeni, naachia, linakwenda na kurudi. Halafu nauliza: nikiondoa jiwe hili nikafunga lililo zito mara tatu, litakwenda na kurudi haraka zaidi, polepole zaidi, au vilevile? Andika utabiri wako kwenye daftari, kwa kalamu ya wino. Wino una sababu. Aliyeandika kwa penseli atafuta mara jibu litakapojitokeza, kisha atakuapia kwamba alijua tangu mwanzo.

Mara ya mwisho nilipofundisha hili, wengi walisema haraka zaidi, kwa sababu kitu kizito kinavutwa zaidi na dunia. Kikundi kidogo upande wa dirishani kikasema polepole zaidi, kwa sababu kitu kizito ni kigumu kukitoa mahali kilipo. Wakaanza kurushiana maneno, nikawaacha. Wasikilize vizuri lakini. Kila upande umeshika kipande cha ukweli! Jiwe zito linavutwa zaidi, kweli. Jiwe zito ni gumu zaidi kuongezwa mwendo, kweli pia. Mambo hayo mawili yanakua kwa kiwango kimoja, yanafutana, na penduli haijali umefunga jiwe gani. Kama ningeanza kwa kutangaza kwamba uzito hauhusiki, ningepata madaftari masafi na nisingejua kamwe kwamba maelezo kamili yalikuwemo darasani tayari, yamegawanyika kati ya watu wa dirishani na watu wa mlangoni.

Kisha tukapima. Hatupimi mzunguko mmoja, tunapima kumi, kwa sababu kidole kinachobonyeza saa ya simu huchelewa, na uchelewaji ukigawanywa kwa kumi unakuwa mdogo. Hilo nalo nawaachia walione: nawaambia wapime mmoja kwanza, mara tatu, waandike. Majibu yanatofautiana hadi wanaonana wabaya. Kikundi kimoja wakaleta sekunde 18 wakati wengine wote walikuwa na 20. Uzi uleule, mlango uleule. Ningeweza kuwaambia palepale. Nikawaomba tu wahesabu tena kwa sauti, darasa zima lisikie. Jiwe likaachiwa, na wao wakasema "moja!" wakati halijaenda popote. Kicheko kilitoka kwa wenzao kabla sijafungua mdomo. Kumbe walihesabu mizunguko tisa. Tangu siku hiyo kikundi hicho huanza kuhesabu kila kitu na sifuri, hata visivyohitaji.

Utamu ukaja kwenye urefu. Tunafupisha uzi uwe sentimita 50. Mizunguko kumi itachukua muda gani? Karibu darasa zima: sekunde 10, nusu ya urefu nusu ya muda. Wakapima wakapata 14 na ushei. Wakapima tena. Wakambadilisha mtu wa saa. Wakaukagua uzi na kugundua kwamba walikuwa wanapima hadi kwenye fundo badala ya katikati ya jiwe, wakarekebisha, na 14 haikuondoka. Hapo binti mmoja ambaye kwa kawaida humsikii akauliza, si kwa kunielekea mimi bali kwa wenzake: "Sasa ni urefu gani utakaotupa hiyo kumi?"

Nilikaa pembeni. Wakashuka hadi sentimita 40, ikatoka karibu 12.7. Sentimita 30, ikatoka 11. Sentimita 25, ikatoka 10. Robo ya urefu, nusu ya muda. Nikawaomba watabiri muda wa moja ya tisa ya urefu, yaani kama sentimita 11. Waliokwisha kunusa mwendo wa namba wakaandika theluthi, sekunde 6.7, na saa ikakubali. Kanuni niliiandika mwishoni mwa kipindi cha pili, na hakuna aliyeniuliza kipeuo cha pili kimetoka wapi.

Ndiyo, vipindi viwili. Najua. Nitalirudia.

Kuna jambo dogo katika mfano huo ambalo ni gumu kuliko linavyoonekana: kunyamaza. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alisikiliza rekodi nyingi za masomo ya sayansi miaka ya 1970 na akakuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri sekunde moja hivi, basi. Asipojibiwa, hurudia swali, humtaja mwingine, au hujijibu. Walimu walipojizoeza kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yakarefuka, waliojitolea kujibu wakaongezeka, na "sijui" zikapungua. Sekunde tatu zinasikika ni kidogo. Jaribu kuzikaa kimya mbele ya darasa lililojaa, huku nyuma mkaguzi ana kalamu mkononi, uone zilivyo ndefu. Mimi huhesabu pumzi. Na nimejifunza kunyamaza hata baada ya jibu, nisiseme "vizuri" haraka, kwa sababu nikisema "vizuri" kila mwenye mawazo mengine anafunga daftari.

Mwenzangu wa biolojia ana swali lake kama langu la penduli. Anawaonyesha mbegu, anawaonyesha gogo. Uzito wote huu umetoka wapi? Darasa linasema udongo. Anawasimulia Jan Baptist van Helmont, mwanasayansi wa karne ya 17, aliyepanda mche kwenye ratili 200 za udongo mkavu, akaumwagilia maji tu kwa miaka mitano. Taarifa yake ilichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Mti ulifikia ratili 169 na udongo ulipungua wakia 2 hivi. Udongo umeshindwa, kwa hiyo darasa linahamia kwenye maji, na van Helmont mwenyewe alihamia hukohuko. Hewa hakuna anayeitaja. Usanisinuru wameshausoma, wameuchora na kuupaka rangi, lakini kwamba sehemu kubwa ya gogo kavu ilikuwa hewa ya ukaa iliyokuwa ikielea, hilo hawajakubaliana nalo mioyoni. Van Helmont alikuwa amekwisha kuichunguza hewa hiyohiyo, ile inayotoka kwenye mkaa unaoungua, na hakuishuku. Mwenzangu anasema watoto hufurahi sana kusikia hivyo.

Kumsikiliza mwanafunzi kunahitaji mwalimu alijue somo lenyewe kwa kina cha aina yake, tofauti na kile cha chuo kikuu. Liping Ma, mtafiti wa elimu ya hisabati, aliwapa walimu wa shule za msingi wa China 72 kazi hii: 1¾ ÷ ½, kisha tunga hadithi inayolingana nayo. Akawalinganisha na walimu 23 wa Marekani waliokuwa wamepewa kazi hiyo. Wachina wote walipata 3½. Kati ya Wamarekani, waliofika kwenye jibu sahihi hawakufika nusu, na hadithi nyingi walizotunga zilihusu kugawanya kwa mbili badala ya kugawanya kwa nusu. Ukicheka, jaribu kwanza mwenyewe kabla hujaendelea kusoma.

Hadithi yangu ni kamba ya mita 1¾ inayokatwa vipande vya nusu mita. Vinatoka vipande vitatu, inabaki robo mita. Na hapo wanafunzi hodari wananiambia jibu ni 3 na robo. Hilo ni kosa ninalolisubiri kwa hamu! Kilichobaki ni robo ya mita, sawa, lakini sisi tunahesabu vipande, na robo mita ni nusu ya kipande. Robo ya nini, nusu ya nini? Mwalimu anayejua tu "geuza ya pili, zidisha" akisikia "3 na robo" ataweka alama ya kosa, kwa sababu hana mahali pa kulipeleka jibu hilo. Mwalimu anayeijua kamba anapata somo zima la dakika ishirini bila kulipanga.

Tena kuna makosa yanayojificha ndani ya majibu sahihi, na haya ndiyo hatari zaidi. Uliza kipi kikubwa, 0.4 au 0.35. Wapo watakaosema 0.35, kwa kuwa 35 ni kubwa kuliko 4, hao unawaona. Lakini kati ya waliosema 0.4 wapo wanaoamini kwamba desimali fupi siku zote ni kubwa, kwa sababu sehemu ya kumi ni kubwa kuliko sehemu ya mia. Wamepata alama yao, wametulia. Ongeza swali la 0.4 na 0.73, nao watajibu 0.4. Namba unazochagua kwenye swali ndizo zinazoamua utaona nini, na bado tunatunga majaribio usiku wa manane kwa kunyofoa namba zozote zinazokuja.

Wajapani ndio walionifundisha kuheshimu jambo hili. Kwa zaidi ya karne moja walimu wao wamekuwa na utaratibu wa kuliandaa somo moja kwa pamoja: mmoja analifundisha, wengine wanakaa darasani wakiwatazama wanafunzi, si mwalimu, kisha wanaketi kulichambua. Andalio lao la somo lina safu ya majibu yanayotarajiwa kutoka kwa wanafunzi, yakiwemo ya makosa, na mwalimu atafanya nini kila moja likijitokeza. Wanaweza kubishana kama mtoto aanze kutoa kwa 13 − 9 au kwa 12 − 3, na mabishano hayo yana maana: ya kwanza inamsukuma mtoto atoe 9 kwenye 10 kisha aongeze 3 zilizobaki, ya pili inamsukuma ashuke hatua kwa hatua. Ubao wao nao haufutwi katikati ya kipindi. Njia ya huyu na njia ya yule zinabaki pale hadi mwisho ili zilinganishwe. Hili la ubao nililiiga mara moja, halina gharama. Lile la kualika wenzangu waje kukaa darasani lilichukua muda zaidi, kwa sababu sisi tumezoea kwamba anayekuja kukaa nyuma amekuja kukukamata.

Tulichoanza nacho, mimi na wenzangu wawili, ni kitu chepesi. Baada ya jaribio tunapanga karatasi kwa aina ya kosa badala ya kwa alama. Wote waliojumlisha ½ + ⅓ wakapata 2/5 rundo moja, waliosahau kubadilisha dakika kuwa sekunde rundo jingine. Siku ya kwanza tuligombana nusu saa juu ya karatasi moja ambayo haikuingia rundo lolote.

Sasa lile la vipindi viwili. Kila ninapoeleza haya, mwalimu mmoja huinua mkono: silabasi nitaimaliza vipi? Swali halali kabisa, na anayelipuuza hafundishi. Jibu langu ni kwamba sifanyi hivi kwa kila mada. Nachagua zile ambazo wanafunzi huingia nazo wakiwa tayari wana maelezo yao, kama mwendo, umeme, joto, sehemu na namba hasi, nazitumia muda. Majina ya vipimo, hatua za kutumia kifaa, kanuni za usalama, hayo nayasema moja kwa moja, wanaandika, tunasonga. Wala simwambii mtu aache wanafunzi wagundue kila kitu wenyewe. John Sweller, mwanasaikolojia wa elimu, alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba anayeanza mada hujifunza zaidi kwa kufuatilia mifano iliyokwisha kukokotolewa kuliko kwa kuhangaika peke yake na swali asilolijua. Jedwali la kuzidisha nalo likaririwe, lishike. Mwanafunzi anayesita kwenye 7 × 8 hana nafasi kichwani ya kufikiria kingine.

Mitihani ndiyo mfupa. Mtihani ukiuliza "fafanua kani", darasani kutafundishwa ufafanuzi wa kani, na semina zote duniani hazitabadilisha hilo. Watunga mitihani wakiweka lori na gari dogo mara mbili tatu mfululizo, walimu watahama wenyewe bila kusukumwa.

Mimi wiki ijayo naingia kwenye umeme. Kila kikundi kitapata betri moja, waya mmoja na taa moja ndogo ya tochi, ile ya zamani yenye uzi mwembamba ndani ya kioo, maana ya LED haifai kwa hili. Kazi: iwashe. Nimeshaandika kwenye andalio ninachotarajia. Kuna watakaoisimamisha taa juu ya betri na kuushangaa waya una kazi gani. Kuna watakaounga waya upande mmoja tu wa betri hadi kwenye ncha ya taa, kama waya wa ukutani unavyoonekana kuwa mmoja. Kuna watakaounganisha ncha mbili za betri kwa waya, taa ikakaa juu bila kuwaka; hao lazima niwaone mapema, kwa sababu waya utapata moto mkononi. Watakaopata njia moja nitawaomba njia ya pili, kisha ya tatu. Baadaye nitaleta taa mbili zinazofanana, zimeungwa moja baada ya nyingine, na kabla sijafunga mzunguko nitauliza ipi itawaka zaidi. Wengi watasema ile inayofikiwa kwanza, kwamba umeme ukifika ya pili umeshapungua. Hao nimewazoea. Kila mwaka hujitokeza mmoja au wawili wanaosema ni ile ya mwisho, na safari hii nataka nikae nao meza moja, maana hoja yao sijawahi kuipata vizuri.